Kinachowaliza Watu Vikosi vya Ngoma na Tarumbeta Vinapoingia Uwanjani

Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, matarumbeta ni sauti ya shangwe. Yanapopita mtaani nyuma ya gari la bibi harusi, watu hutoka barazani, watoto hukimbilia barabarani, na hakuna anayetarajia kumwona mtu mzima akijifuta machozi. Ndiyo maana mambo yanayotokea kwenye mashindano ya vikosi vya ngoma na tarumbeta nchini Marekani yanahitaji maelezo. Katika rekodi za mashindano hayo unawaona wazee wenye mvi wamesimama kwenye majukwaa ya uwanja wa mpira, wakilia bila kujificha, na huko chini unawaona vijana waliovaa sare wakipuliza vyombo huku mashavu yao yamelowa. Nimezitazama rekodi hizo kwa miaka mingi, na nimefikia kuamini kwamba machozi yale hayana chanzo kimoja. Yanatokana na fizikia ya sauti, kazi ya mwili, sheria ya umri na historia ya kila kikosi, na hufika kileleni pale ambapo kinachoigizwa uwanjani kinakuwa pia ndicho kinachowapata waigizaji wenyewe.

Kikosi cha aina hii ni chama cha vijana kinachojitegemea, kisicho chini ya shule wala chuo, na muziki wake hutumia vyombo vya shaba vya kupuliza pamoja na vyombo vya kupiga, bila klarineti, saksafoni wala filimbi. Pamoja na wanamuziki huenda kundi la bendera, ambalo wachezaji wake hurusha na kudaka bendera, bunduki za mbao na panga za maonyesho huku wakicheza kama wacheza dansi wa jukwaani. Chimbuko lake ni la kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vyama vya askari wastaafu, hasa American Legion na Veterans of Foreign Wars, vilifadhili vikosi kama hivi katika miji mikubwa na midogo, na parokia za Kikatoliki pamoja na vikundi vya skauti vikaanzisha vyao. Mwaka 1972 vikosi vilivyotaka kujiamulia mambo yao badala ya kuamuliwa na wastaafu vilikutana Whitewater, Wisconsin, kwa mashindano ya kwanza ya ubingwa chini ya jumuiya yao mpya, Drum Corps International, ambayo watu wengi huiita DCI, na Anaheim Kingsmen wa California wakatwaa taji. Tangu mwaka 2009 fainali imekuwa ikichezwa Indianapolis kila Agosti, katika uwanja wa Lucas Oil. Kikosi kikubwa huwa na vijana zaidi ya 150, na onyesho lake moja, linalofanyiwa mazoezi kwa miezi, humalizika kwa takriban dakika kumi na moja.

Asili hiyo si ngeni kwetu. Beni, ngoma iliyoenea pwani ya Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1890, ilianzishwa na watu waliozisikia bendi za manowari na za majeshi ya kikoloni, wakachukua sare, vyeo, gwaride na baragumu, wakavigeuza kuwa mashindano ya mitaa na ya vyama. Anayekumbuka simulizi za Marini na Arinoti, vyama vya beni vilivyoshindana, na jinsi wafuasi wao walivyomaliza akiba zao kwa ajili ya kuwashinda wapinzani, hatashangaa kusikia kwamba kijana wa Ohio au Texas hulipa maelfu ya dola kutoka mfukoni mwake ili apate nafasi ya kupuliza tarumbeta juani majira yote ya kiangazi. Halipwi chochote. Hulala sakafuni katika kumbi za michezo za shule, husafiri usiku kwa basi kutoka mji mmoja hadi mwingine, hula chakula kinachopikwa na watu wa kujitolea ndani ya lori lililogeuzwa jiko, na asubuhi hurudi tena uwanjani kwa mazoezi ya saa kumi au kumi na mbili kwa siku. Mtazamaji anayajua haya yote kabla hajakaa kitini, na ujuzi huo ni sehemu ya anachokisikia.

Tuanze na sauti yenyewe. Chombo cha shaba kina tabia iliyo dhahiri kuliko ilivyo katika zeze au kinanda. Kikipulizwa polepole hutoa sauti ya mviringo, laini, iliyofifia kingo zake, na kikipulizwa kwa nguvu hakiongezi ukubwa wa sauti peke yake, kwa kuwa sauti nyembamba za juu zilizojificha ndani ya noti ileile hukua haraka kuliko noti ya msingi na kuifanya iwake. Sikio la binadamu hutambua mwako huo kuwa ni dalili ya nguvu iliyotoka katika pafu la mtu. Tena chombo cha shaba huelekeza sauti yake kule mdomo wake mpana unakotazama, kiasi kwamba wapulizaji sabini wakiwapa watazamaji mgongo na kisha wakageuka wote katika hatua moja, uwanja hutoka kwenye mnong'ono na kuingia kwenye ukuta wa sauti pasipo noti kubadilika. Watunzi wa maonyesho wanaijua siri hii. Huwaficha wapulizaji nyuma ya uwanja, nyuso zikiwa mbali, wakicheza mahadhi ya taratibu, na kisha huwaleta mbele katika mstari mmoja mrefu unaosogea bega kwa bega kuelekea jukwaani, sauti ikikua kwa kila hatua.

Wanasaikolojia wamechunguza kwa muda mrefu kinachofanya mwili usisimke na vinyweleo visimame mtu anaposikiliza muziki. John Sloboda wa Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1991, aliwaomba wasikilizaji waonyeshe mahali hasa katika muziki ambapo miili yao iliitikia, akakuta kwamba machozi yalifuatana zaidi na noti zinazoegemea pembeni ya upatanifu, yaani sauti zinazolia pamoja, kabla ya kutulia mahali pake, ilhali msisimko wa ngozi ulikuja zaidi pale upatanifu ulipogeuka ghafla kwenda kusikotarajiwa. Jaak Panksepp aliandika mwaka 1995 kwamba muziki wa huzuni huleta msisimko huo mara nyingi kuliko ule wa furaha. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, likiongozwa na Valorie Salimpoor, lilionyesha kwamba ubongo hutoa kemikali ya dopamini mara mbili, na katika sehemu mbili tofauti: kwanza wakati msikilizaji anakisubiri kilele, kisha kilele chenyewe kinapofika. Katika onyesho la kikosi, mtazamaji huona kilele kikija kwa macho yake kabla hakijafika masikioni, maana mstari ule wa tarumbeta unamkaribia mita kwa mita. Kusubiri kwake kunarefushwa na miguu ya vijana.

Lipo jambo jingine la sauti ambalo mtazamaji wa kawaida halijui, nami naliona kuwa ni zuri kupita yote. Uwanja wa mpira wa Kimarekani una upana wa karibu mita 49, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo pigo la ngoma lililopigwa kwenye mstari wa nyuma huchukua takriban sehemu 14 za mia za sekunde kufika kwenye mstari wa mbele. Hilo ni kidogo katika mazungumzo, lakini katika muziki unaokwenda kwa mapigo 180 kwa dakika ni karibu nusu ya pigo, na kikosi ambacho kila mmoja wake angefuata mikono ya mwongozaji aliye mbele kingesikika jukwaani kama kundi lililosambaratika. Ufumbuzi wao ni huu: wapiga ngoma walio nyuma hufuata mikono ya mwongozaji, na wapulizaji walio mbele yao huacha kuitegemea mikono hiyo, wakasikiliza nyuma na kuingia pale mlio wa ngoma unapowafikia. Kila aliye mbele huongeza sauti yake juu ya wimbi linalopita, na wimbi zima huwafikia watazamaji kwa wakati mmoja. Yule wa nyuma kabisa, kwa upande wake, hatakiwi kamwe kuwafuata walio mbele, hata kama masikio yake yanamwambia kwamba wote wamechelewa na yeye peke yake ndiye amewahi. Anacheza peke yake, akiamini kwamba huko mbele wanampokea.

Sidhani kuna chombo kingine cha muziki kinachodai imani ya namna hiyo, na naamini watazamaji waliowahi kusimama uwanjani huihisi hata pale wasipoweza kuieleza. William McNeill, mwanahistoria wa Marekani, alikumbuka hadi uzeeni jinsi gwaride la saa nyingi katika kambi ya jeshi huko Texas mwaka 1941 lilivyomwachia hisia ya kupanuka, ya kuwa mkubwa kuliko mwili wake, kwa sababu tu alikuwa akikanyaga pamoja na wenzake. Baadaye alidai kwamba kwenda pamoja kwa mwendo mmoja kumewaunganisha wanadamu tangu kale, katika ngoma za vijiji, katika ibada na katika majeshi. Kikosi cha tarumbeta kina mwendo huo kwa kiwango kikubwa mno, na kinauongezea pumzi ya pamoja, maana vijana sabini wanaoanza noti moja lazima kwanza wavute hewa kwa wakati mmoja. Katika rekodi nzuri pumzi hiyo husikika. Kwangu mimi ndiyo sauti inayogusa moyo kuliko noti inayofuata.

Baada ya mwendo huja kutulia. Maonyesho mengi yana sehemu ya taratibu, kwa kawaida baada ya dakika za mbio na mizunguko, ambapo kikosi husimama kabisa na kuuacha muziki ubaki peke yake. Athari yake haieleweki bila kuona kilichotangulia. Kwa dakika kadhaa macho yamelazimika kufuata watu zaidi ya mia wanaokimbia kinyumenyume, wanaopishana kwa nafasi ya kiganja, wanaojenga duara na kulivunja, na ghafla hakuna anayesogea isipokuwa bendera moja inayofunguka polepole. Jicho likishapumzika, sikio hufunguka. Wapo watunzi wanaoishusha sauti kiasi kwamba uwanja wa watu maelfu hukaa kimya usiku wa Agosti, na ukimya wa umati mkubwa una uzito wake, kwa sababu kila mtu anajua kwamba mwenzake naye amejizuia kukohoa.

Hata hivyo, sauti na mwendo pekee visingetosha. Mtu anaweza kusikia okestra bora duniani, akasisimka na kurudi nyumbani akiwa mkavu wa macho. Kinachobadilisha mambo ni sheria moja isiyo na huruma: mwanachama haruhusiwi kuendelea baada ya umri wa miaka 21, isipokuwa atakapofikisha miaka 22 katikati ya msimu wake wa mwisho. Hakuna kupandishwa daraja wala ligi ya wakubwa inayomngoja kwa mshahara. Mpira wa miguu humpa kijana ndoto ya miaka kumi na mitano ya kazi, lakini hapa kijana hufikia ubora wake, na pengine ubora wa juu kabisa wa maisha yake yote, na usiku huohuo hukabidhi sare. Kwa hiyo katika kila fainali, miongoni mwa wale mnaowaona, wapo makumi ambao noti ya mwisho ya onyesho ni noti yao ya mwisho kabisa katika sare ile, nao wanajua hivyo, na aliyesimama kushoto kwao anajua, na mama aliye jukwaani anajua. Mtunzi anaweza kuandika muziki wa kuaga hata mara elfu. Sheria ya umri ndiyo inayoufanya uwe wa kuaga kweli.

Mwaka 2020 ulilionyesha hilo kwa njia ya uchungu. Janga la korona lilifuta msimu mzima, na vijana waliokuwa wamejiandaa kwa kiangazi chao cha mwisho walibaki majumbani bila fainali na bila usiku wa kuagana. Vikosi vilipokusanyika tena Indianapolis mwaka 2021 havikupewa alama, na hapakuwa na bingwa. Kwa mtu wa nje lingeonekana kuwa onyesho lililopunguziwa uzito, lakini uwanja ulipokea noti za kwanza kama watu wanaopokea mvua baada ya kiangazi kirefu.

Nyimbo za vikosi ni mlango mwingine wa machozi, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana njia fupi ya kuelewa. Madison Scouts, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1938 huko Madison, Wisconsin, kimeufanya "You'll Never Walk Alone" kuwa wimbo wake, uleule ambao mashabiki wa Liverpool huimba kabla ya mechi na ambao katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kutoka Kariakoo hadi Kisumu, watu huuimba kwa mikono iliyoinuliwa hata kama hawajawahi kufika Uingereza. Wimbo huo ulitungwa na Rodgers na Hammerstein kwa ajili ya tamthilia ya muziki ya mwaka 1945, na maneno yake ya kutembea katikati ya dhoruba bila kuwa peke yako yameupeleka mbali sana na jukwaa ulikozaliwa. Santa Clara Vanguard wa California, kilichoanza mwaka 1967, nacho kina "Send in the Clowns" ya Stephen Sondheim, wimbo wa mtu anayetambua kwamba amechelewa. Nyimbo hizi si lazima ziwe sehemu ya onyesho linalopewa alama. Mara nyingi hupigwa au kuimbwa baada ya kila kitu kwisha, katika maegesho ya mabasi, vijana wakiwa wamesimama kwa nusu duara huku watu wazima waliovaa fulana za miaka ya zamani wakisogea karibu na kuanza kuimba nao.

Mwaka 2023 Santa Clara Vanguard haikuweza kuingia uwanjani kwa sababu ya matatizo ya fedha, na kilirudi mwaka 2024. Anayeufahamu wimbo wake anaweza kupima mwenyewe ulisikikaje mwaka huo.

Sasa nifike kwenye usiku ambao, kwa maoni yangu, unaeleza jambo hili kuliko mwingine wowote. Phantom Regiment, kikosi cha Rockford, Illinois, kilipendwa kwa miongo kadhaa kwa jinsi kilivyoucheza muziki wa okestra za Ulaya, lakini hadi kufikia mwaka 2008 kilikuwa na ubingwa mmoja tu wa DCI, tena wa kugawana, kwani mwaka 1996 kilifungana kwa alama na Blue Devils wa Concord, California. Blue Devils wenyewe, kufikia wakati huo, walikuwa na mataji kumi na mawili. Phantom Regiment ilichagua hadithi ya Spartacus, mtumwa mpiganaji aliyeongoza uasi dhidi ya Roma kuanzia mwaka 73 kabla ya Kristo, akauawa vitani miaka miwili baadaye, na watu wake waliotekwa, wapatao 6,000, wakasulubiwa kando ya barabara ya kwenda Roma. Muziki ulijumuisha baleti ya Aram Khachaturian kuhusu mtumwa huyohuyo. Kuelekea mwisho wa onyesho, wanakikosi walianza kupaza sauti mmoja baada ya mwingine wakisema "Mimi ni Spartacus", kauli inayojulikana kutokana na filamu ya mwaka 1960, ambayo ndani yake kila mtumwa hujitaja kwa jina la kiongozi wao ili asitambulike na kuadhibiwa peke yake.

Kadiri msimu ulivyosonga, watazamaji walianza kuijibu kauli ile. Katika fainali, iliyofanyika Bloomington, Indiana, majukwaa yaliitikia kwa sauti pamoja na kikosi, na kwa muda mfupi haikuwezekana kusema onyesho lilikuwa linaishia wapi na uwanja ulikuwa unaanzia wapi. Alama zilipotangazwa, Phantom Regiment ilikuwa na 98.125 na Blue Devils 98.100. Alama hutolewa kwa mia, arobaini kati yake zikiwa za athari ya jumla ya onyesho, thelathini za muziki na thelathini za mwonekano, kwa hiyo tofauti ya 0.025 ni kitu ambacho hakuna jicho wala sikio la mtazamaji linaloweza kukiona. Vijana wa Rockford walikuwa wameigiza watumwa wanaomkabili mwenye nguvu kuliko wao, na wakati uleule walikuwa kweli wanamkabili mshindani mwenye mataji mengi kuliko wao. Hadithi na hali halisi zililala juu ya mstari mmoja. Mtu hahitaji kujua chochote kuhusu historia ya Roma ili mwili wake uelewe kilichotokea pale.

Machozi ya namna hiyo ni ya furaha, na wataalamu wameyapa jina. Alan Fiske na wenzake wanatumia neno la Kisanskriti, kama muta, kueleza hisia inayomjia mtu pale uhusiano wa upendo au wa udugu unapoongezeka ghafla mbele ya macho yake: joto kifuani, koo kukaba, machozi kulengalenga. Huja tunapoona ndugu waliotengana wakikutana uwanja wa ndege, au kijiji kizima kikichangia matibabu ya mtoto wa jirani. Neno la msingi hapo ni ghafla. Watu waliokaa pamoja jukwaani bila kujuana kwa saa nne wanapojikuta wanapaza kauli moja, ukaribu huruka kutoka sifuri hadi juu kabisa kwa sekunde chache, na mwili hauna namna nyingine ya kuupokea mruko huo.

Kurudi kwa kilichopotea hufanya kazi hiyohiyo kwa muda mrefu zaidi. Troopers wa Casper, Wyoming, kikosi kilichoanzishwa na Jim Jones mwaka 1957 na kinachovaa sare za wapanda farasi wa jeshi la karne ya kumi na tisa, kilikuwa miongoni mwa waasisi wa DCI, lakini kiliporomoka kiasi kwamba mwaka 2006 hakikushiriki kabisa. Kikajengwa upya mwaka uliofuata, na mwaka 2009 kikaingia fainali kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1986. Miaka ishirini na mitatu ni umri wa kizazi kizima cha wanachama waliojiunga, wakafikisha miaka 21 na kuondoka bila kuonja usiku huo, na wengi wao walikuwa wakiwashangilia wadogo zao waliokuwa wakiwamalizia safari. Boston Crusaders, kikosi cha tangu mwaka 1940, kilingoja zaidi, kwani kilitwaa ubingwa wake wa kwanza wa DCI mwaka 2025. Na upande wa pili wa mizani wapo Cadets, waliozaliwa katika parokia ya Holy Name mjini Garfield, New Jersey, mwaka 1934, wakatwaa mataji kumi ya DCI, na wakafunga milango mwaka 2024, mwaka ambao wangetimiza miaka tisini. Rekodi zao za zamani, ambazo ziliwahi kuwa za kusisimua tu, sasa ni ngumu kuzitazama hadi mwisho.

Lazima pia nizungumzie shaka moja ya haki. Ikiwa watunzi wanajua ni mgeuko upi wa upatanifu unaoleta machozi, na ni wakati gani wa kuwaleta wapulizaji mbele, je, hisia hiyo si ya kutengenezwa? Jibu langu ni kwamba imetengenezwa, kama ilivyotengenezwa kila beti ya utenzi inayomliza msikilizaji, na ufundi haumnyang'anyi mtu ukweli wa anachokihisi. Wasiwasi wangu upo kwingine. Tangu mwaka 2004 vikosi vimeruhusiwa kutumia vipaza sauti, na tangu mwaka 2009 vinanda vya umeme, na siku hizi kilele cha onyesho mara nyingi hubebwa na mngurumo wa besi unaotoka kwenye spika kubwa pembeni ya uwanja. Mngurumo huo hutikisa viti kweli, na baadhi ya watunzi huutumia kwa uangalifu mkubwa. Lakini spika haichoki, haivuti pumzi, wala haina umri wa miaka 21. Msikilizaji aliyefundishwa na miaka mingi ya shaba tupu huhisi tofauti hata akiwa amefumba macho, na sikubaliani na wanaodai kwamba malalamiko yake ni ya uzee tu. Analalamika kwamba kati yake na kifua cha kijana kimewekwa kitu.

Kwa sababu hiyo nyakati ninazozirudia ni zile ambapo mashine zimezimwa. Kikosi kinafika kwenye noti zake za mwisho, mstari umefika mbele kabisa, na mikono ya mwongozaji imeinuka na kubaki juu huku akiurefusha mwisho kadiri anavyothubutu. Kisha hukata. Uwanja wa Lucas Oil una paa, na sauti ya shaba ikishaachiwa humo huendelea kuzunguka juu kwa sekunde kadhaa. Unawaona wameshusha vyombo kwa pamoja, vifua vikipanda na kushuka, macho bado yametazama juu, na upatanifu walioupuliza bado unasikika juu ya vichwa vyao wakati midomo yao tayari imefungwa.